Mwisho wa Severance msimu wa pili: Mark kamwacha mkewe mlangoni. Mmeuelewaje?

Mchana_Kweupe
Salaam wakuu. Kama hujamaliza msimu wa pili ishia hapa, maana naanza na mwisho wenyewe.

Nimeangalia "Cold Harbor", kipindi cha mwisho cha msimu wa pili wa tamthilia ya Severance, leo Ijumaa ilipotoka tu, saa kumi alfajiri, daku likiwa mezani, na mpaka sasa roho haijatulia. Mwanaume kahangaika msimu mzima kumtafuta mke aliyeambiwa kafa kwenye ajali ya gari. Kumbe kampuni yake, Lumon, imemficha chini ya jengo lile lile analofanyia kazi. Kampata, kamtoa, imebaki hatua moja. Gemma yuko upande wa ngazi, anagonga mlango, analia, anamwita. Mark anamtazama. Kisha anageuka, anamshika mkono Helly, mpenzi wake wa kazini, wanakimbia. Picha inaganda, majina yanapanda.

Dai langu: huu ni usaliti mweupe, na waandishi wametuchezea. Huwezi kumtembeza mtazamaji pole pole hivi, makorido juu ya makorido, halafu mwishoni unamgeuzia kibao. Nipingeni kwa hoja.

KijanaWaGerezani
Siti ya mbele. Naungana na mtoa mada mia kwa mia. Nililipia mwezi mzima kwa ajili ya huyu Gemma.

Bi_Mwanaidi
Mtoa mada, aliyegeuka pale si mume wa Gemma. Mume wa Gemma ni Mark Scout, yule wa nje, mwalimu wa historia aliyekubali kupasuliwa ubongo ili angalau saa za kazi asikumbuke msiba. Aliyekuwa mlangoni ni Mark S., wa ndani. Fahamu zake zimeanzia Lumon, miaka kama miwili tu. Yeye Gemma anamjua kama Bi Casey tu, mshauri wa afya wa pale ofisini, mwanamke wa sauti ya upole aliyekuwa akiwasomea wafanyakazi habari njema za wenzao wa nje. Hana kumbukumbu moja ya ndoa.

Akivuka ule mlango anazimika, na kampuni ikianguka hakuna wa kumwasha tena. Mnamwita msaliti mtu aliyekataa kufa?

Mshipi254
Niaje wadau. Bi Mwanaidi amesema kweli, lakini chanzo kiko nyuma zaidi, kwenye ile kamera. Rudini mwanzo wa kipindi, pale kibandani. Mark wa nje anajirekodi, anaingia ndani anakuwa yule mwingine, anatazama, anajibu, anatoka tena. Ndiyo mara yao ya kwanza kuongea. Wa nje anaanza vizuri, anaomba msamaha. Halafu anamtaja Helly kwa jina la "Heleny".

Hebu fikiria. Mtu anakuomba uyaweke maisha yako rehani kwa ajili ya mapenzi yake, na jina la mpenzi wako hata hajalishika. Tazameni uso wa Adam Scott, mwigizaji wa Mark, hapo. Tabasamu linabaki mdomoni lakini macho yameshahama. Gemma alipotezwa pale, mlangoni ilikuwa kukamilisha tu.

Mchana_Kweupe
Mshipi, kwa hiyo mke wa mtu aachwe kwa ajili ya jina kukosewa? Na kama aliamua kibandani, mbona alienda kumtoa? Si angekaa na Helly wake akamaliza faili lake?

Mshipi254
Sijasema aliamua. Nimesema aliacha kumwamini mwenzake. Ndiyo maana alimtoa Gemma lakini yeye hakutoka.

Fundi_Taa
Mnaruka jambo. Yule wa nje alimwahidi kuunganishwa, yaani kumbukumbu za wote wawili ziwe kichwa kimoja. Wa ndani akauliza swali la mtu mwenye akili: wewe una maisha ya miaka mingi, mimi nina miwili, tukichanganywa nani atasikika? Hakujibiwa. Tone la chumvi kwenye pipa.

Lakini hoja ya Bi Mwanaidi ya "kukataa kufa" nayo haisimami yenyewe. Cobel, bosi wake wa zamani, alimweleza wazi kwamba Cold Harbor, lile faili lake la mwisho, likikamilika wa ndani hawana kazi tena. Kubaki nako ni kufa. Alichochagua ni muda kidogo na mtu anayempenda.

Kasi_Mbili
Nauliza kwa nia njema, hamkuchoka? Mimi naangalia kwa spidi ya moja na nusu, na kile kipindi cha nane cha yule mama peke yake kwenye mji wa baridi nilikiruka chote. Cha mwisho saa moja na nusu, cha kufaa ni dakika ishirini.

Msimamizi_Zamu
Karibuni. Tafadhali msiweke viungo vya kupakulia. Mnaoomba kuwekewa kwenye flashi kamalizaneni huko mnakomalizana, siyo hapa.

Bi_Mwanaidi
Kasi_Mbili, kipindi cha mwisho ni dakika 76, na hicho ulichokiruka, "Sweet Vitriol", ni dakika 37 tu, kifupi kuliko vingi. Ndicho kilichotuambia kwamba Harmony Cobel ndiye aliyebuni teknolojia yote ya kuwatenganisha watu, na akina Eagan, wenye kampuni, wakajitwalia sifa. Alikulia Salt's Neck, mji ulioishi kwa kiwanda chao cha etha, kisha kiwanda kikafa na mji ukafa nacho. Usipokiona hicho, pale kibandani unamwona Cobel anatoa siri bila sababu. Ukikiona unaelewa ana deni la kudai.

Kasi_Mbili
Mngeniambia hayo kwa sentensi moja ndani ya kipindi kingine. Dakika 37 mtu anaendesha gari, anavuta mpira wa kupumulia wa marehemu mama yake, analala. Mimi nimetoka kazini, nina bando la kubana.

Mwana_wa_Mkunazini
Kasi_Mbili wewe hata Idi utaiangalia kwa spidi ya moja na nusu.

Mie nipo upande wa polepole. Pale mwishoni Mark anapomtazama Gemma halafu anamtazama Helly, wamekaa pale sekunde nyingi hakuna neno. Ungekuwa mchezo wa haraka tungeona busu, mlango, mwisho. Hapa kila sekunde unajiambia bado anaweza kwenda. Mimi nilisimama mbele ya TV.

Mhariri_wa_Usiku
Kazi yangu ni kuhariri video, harusi na matangazo, kwa hiyo niongeze la kiufundi. Msimu wa pili ulianza na Mark S. akikimbia peke yake kwenye makorido yale meupe, mkimbio mmoja mrefu unaoonekana kama haujakatwa. Ni vipande vingi vilivyounganishwa kwa kamera za aina mbalimbali, na ulichukua miezi kukamilika. Anakimbia kumtafuta nani? Bi Casey. Anafika chumba chake, hakipo, ukuta mtupu.

Sasa tazama msimu ulivyoisha. Makorido yale yale, mtu yule yule anakimbia, safari hii taa nyekundu, na ana mtu mkononi, na anamkimbia yule aliyekuwa akimtafuta. Mwongozaji Ben Stiller hakubahatisha hilo. Kwa hiyo kwangu mwisho ni duara: hakuna aliyetoka, wamerudi tulipoanzia. Hata wimbo unasema hivyo, "The Windmills of Your Mind", wote ni vitu vinavyozunguka. Kama sikosei ni sauti ya Noel Harrison.

Santuri_Tanga
Mhariri, uliosikia pale ni Mel Tormé. Noel Harrison ndiye aliyeuimba wa kwanza, 1968, kwenye filamu ya The Thomas Crown Affair, muziki wa Michel Legrand. Wa Tormé una ulaini wa klabu za jazi, ndiyo maana unakaa vibaya juu ya kilio cha Gemma. Yeye anapiga mayowe, mzee anaimba kama yuko kwenye kochi.

Duara nakubali.

Mshipi254
Mimi sikubali duara. Mara ya kwanza alikimbia kwa amri ya hofu, hata hajui lifti imemleta siku gani. Mara ya pili amechagua. Picha zinafanana, mtu hafanani.

Dada_wa_Zamu
Mnaongea Mark, Mark, Mark. Naomba niseme kuhusu kitanda.

Kwa ambao hawakukishika: Gemma na Mark walikuwa wakitafuta mtoto, mimba ikatoka, na kwenye kipindi cha saba tunamwona Mark akikibomoa kitanda cha mtoto. Sasa kile chumba cha mwisho, chumba chenyewe cha Cold Harbor, Gemma anaingizwa akiwa mtu mpya kabisa asiyejua hata jina lake, anaambiwa akifungue kitanda kile kile. Anafungua. Ubao, skrubu, ubao, skrubu. Uso mtupu. Wao wako kwenye skrini wanashangilia, maana ukuta kichwani umeshika: hata maumivu makubwa kuliko yote hayapenyi.

Mimi ni nesi, na kitanda kama kile nimekifungua nyumbani kwangu. Mume wangu alitaka tumwite fundi, nikakataa. Mikono ilikuwa inatetemeka, bisibisi inateleza kwenye kichwa cha skrubu, nikawa naianza upya. Nilipomwona yule dada anafanya kazi ile kwa utulivu kama anapanga vijiko nililia kwa sauti, na kilichoniliza ni kwamba sikumwonea wivu. Nilidhani ningemwonea wivu.

Kwa hiyo mkiniuliza nani kasalitiwa, Gemma alisalitiwa kabla Mark hajafika pale. Mlango ni nyongeza.

Mchana_Kweupe
Pole sana dada. Hilo la kitanda nilikuwa nimelipita haraka. Nitakirudia kipindi cha saba.

Bi_Mwanaidi
Pole mwanangu, na asante kwa kutuwekea.

Fundi_Taa
Dada_wa_Zamu kagusa moyo wa mchezo wenyewe. Cobel alimwambia Mark S. kwamba zile namba alizokuwa akizipanga kwenye skrini miaka yote ni mke wake. Makapu yale manne ya kupangia namba ni hisia nne za Kier Eagan, mwanzilishi wa Lumon: huzuni, furaha, hofu na hila, na kila faili lililokamilika ni Gemma mwingine aliyezaliwa kwa ajili ya chumba kimoja. Kuna anayejua daktari wa meno tu. Kuna anayejua ndege inayoyumba tu. Kuna anayeandika kadi za shukrani za Krismasi mpaka mkono unauma. Cold Harbor lilikuwa faili la 25.

Sasa waulizeni wanaomlilia Mark wa ndani: na hao wengine? Gemma alipotoka nje ya mlango, wale wote walizimika. Mbona hakuna anayewahesabu?

Mwana_wa_Mkunazini
Eh. Hapo Fundi umenikamata.

KijanaWaGerezani
Jamani turudi kwenye ukweli rahisi. Kampiga mtu risasi kumwokoa mkewe, halafu anamwacha. Mtu aliyemuua Drummond, mkubwa wa Lumon, kwa ajili ya Gemma hawezi kumwacha dakika kumi baadaye. Ni waandishi wanataka msimu wa tatu, basi. Na msimu wa tatu ulitangazwa siku ile ile.

Mshipi254
Kijana, hakuua kwa kukusudia. Mark S. alimshikia Drummond bunduki ya kuchinjia kama mateka ili ampeleke chini. Ndani ya lifti akabadilika kuwa Mark wa nje, na kwenye ule mshtuko wa kubadilika kidole kikabana. Wa nje anaamka ana damu mwilini na mtu anakufa mbele yake, hajui hata imekuwaje. Halafu akaitumia tai yenye ile damu kufungulia mlango.

Kwa hiyo hata swali la nani muuaji halina jibu. Mmoja alishika bunduki, mwingine ndiye aliyekuwepo ilipolia.

KijanaWaGerezani
Sawa kwa Drummond. La msimu wa tatu nalishikilia. Wakimaliza hadithi, wamekula hasara.

Mfugaji_Kibaha
Mmenikumbusha ile bunduki. Iliandaliwa kwa ajili ya mbuzi. Mimi niliangalia mchezo huu wote nikisubiri mtu aniambie kazi ya wale mbuzi, tangu msimu wa kwanza walipoingia chumba kile wakakuta jamaa anawanyonyesha kwa chupa akisema hawako tayari. Kumbe ni kafara. Drummond anamuuliza yule mama mtunza mbuzi, Lorne, kama mbuzi ana uchangamfu na ujanja, ndipo anasema atazikwa pamoja na mwanamke wa thamani ili aiongoze roho yake kwa Kier.

Sikilizeni hilo neno, kuzikwa. Gemma alikuwa anauawa siku ile. Mark S. hakumtoa tu kazini, alimtoa kaburini. Baada ya hapo mnataka ampe nini tena, na uhai wake mwenyewe?

Na mbuzi yule ana jina, Emile. Anayefuga anaelewa. Mwaka mmoja mwanangu alimpa jina mbuzi wa Idi, ikabidi nikanunue mwingine sokoni, yule yupo bandani hadi leo. Lorne alipomwangalia Emile usoni nilijua hachinji mtu pale.

Mwana_wa_Mkunazini
Mfugaji, umesema vizuri. Mie niliposikia mambo ya kumwongoza marehemu nikasema hawa Lumon wameacha ukampuni zamani, hii ni tarika yenye bohari.

Mzee_wa_Beni
Nimesoma kimya tangu juzi. Naomba kuwatoa kidogo kwenye mapenzi, niwapeleke kwenye bendi.

Wengi wameona bendi ile ya tarumbeta ni kichekesho. Mimi nilikulia Pwani, na babu alikuwa akisimulia ngoma ya beni: matarumbeta, ngoma kubwa, gwaride, watu wamevaa sare na kujipa vyeo vya kijeshi. Ilianzia miji ya mwambao, Lamu na Mombasa, ikateremka Tanga na Dar es Salaam, na ikawa na pande zake, Marini na Arinoti, wanashindana. Mkoloni aliitazama akaona watu wanamwiga. Baadaye akaanza kuingiwa na wasiwasi, maana watu waliojifunza kwenda hatua moja na kumsikiliza kiongozi wao wenyewe ni watu waliojipanga.

Sasa angalieni Lumon. Bendi ni mali ya kampuni, imeletwa kumpongeza Mark kwa kumaliza faili. Milchick, msimamizi wao, anaiongoza kwa madaha yote. Dakika chache baadaye Milchick kafungiwa chooni kwa mashine ya vitafunwa, Helly kapanda juu ya dawati anawaambia wale wapiga tarumbeta kwamba wao nao wamepewa nusu ya maisha, na bendi ile ile inasimama dhidi ya bwana wake.

Kwa hiyo Mark hakurudi kwa Helly peke yake. Alirudi kwenye maasi. Kule ndani kuna watu sasa, mwenzao Dylan, bendi nzima, na hakuna mwingine wa kuwasemea. Angetoka, angekuwa kawaacha hao.

Mchana_Kweupe
Mzee, shikamoo. Hoja nzito hiyo. Lakini uso wa Mark pale mlangoni haukuwa uso wa kiongozi wa maasi. Alikuwa hajui hata wanakimbilia wapi.

Mzee_wa_Beni
Marahaba. Wanaoanza maasi wengi hawajui wanakimbilia wapi.

Kasi_Mbili
Mnaonaje kuhusu nadharia kwamba yule si Helly? Kwamba ni Helena, yaani Helly wa nje, mtoto wa bosi, kajifanya tena? Alishafanya hivyo vipindi vinne vya mwanzo, akalala na Mark, na ni mwenzao Irving peke yake aliyemgundua kule porini. Tazameni tabasamu lake la mwisho.

Bi_Mwanaidi
Angepata wapi muda? Alikuwa na Jame Eagan, baba yake Helena, akaja Mark, kisha chooni na Dylan, kisha juu ya dawati na bendi. Kubadilishwa kunahitaji lifti au mtu kule chumba cha ulinzi, na siku hiyo kila mtu alikuwa kwenye sherehe au Cold Harbor. Na Helena hawezi kuwahutubia wafanyakazi wamgeukie baba yake.

Kasi_Mbili
Unasema hawezi. Baba mwenyewe alimwambia Helly hampendi binti yake, na kwamba anamwona Kier ndani ya huyu wa ndani. Mzee yule anapanga kitu. Mimi hilo silitoi mezani.

Fundi_Taa
Kwa mtu anayeangalia kwa spidi ya moja na nusu umeliona hilo vizuri.

Kasi_Mbili
Cha mwisho nilikirudia kwa spidi ya kawaida, kwa sababu yenu.

Nimerudi_Salama
Sijawahi kuandika jukwaa hili, nasomaga tu. Nilifanya kazi za ndani Muscat. Pasi ya kusafiria alikaa nayo mwenye nyumba, simu napewa Ijumaa baada ya chakula cha mchana, anasimama pale pale nikiongea. Nyumbani walijua niko vizuri kwa sababu pesa inafika. Mama yangu alikuwa akiwaambia majirani Mungu kamjibu.

Ninyi mnagombania kati ya Mark wawili. Mark wote wawili wamepata nafasi ya kusema, tena kwa kamera. Gemma nani alimuuliza? Kipindi cha saba alijaribu mwenyewe, alimpiga yule daktari na kiti, akakimbilia lifti, na lifti ikamgeuza Bi Casey, akaambiwa kwa adabu arudi, akarudi. Mimi niliposimamisha hapo sikuendelea siku ile.

Huyo dada ametoka sasa. Yuko kwenye ngazi peke yake, hajui nje ni mwaka gani vizuri, watu walishamzika. Nikitoka uwanja wa ndege Dar nilikuwa na mfuko mmoja, shangazi akanikumbatia na mimi mikono imening'inia tu, sikumbuki hata alisema nini. Wanaosema Gemma kapata uhuru wasubiri waone msimu wa tatu kama waandishi wanajua kinachofuata. Kutoka peke yako siyo kule kutoka mnakokufikiria.

Mimi namlaumu Mark. Yeyote kati yao. Angemfikisha hadi kwa dada yake kwanza.

Dada_wa_Zamu
Karibu jukwaani dada. Umesema jambo ambalo hakuna aliyelisema humu.

Mshipi254
Karibu sana. Na hoja yako imenivuruga, maana Devon, dada yake Mark, alikuwa nje na Mark S. anajua hivyo. Alihesabu kwamba Gemma atapokelewa? Au hakuhesabu chochote?

Mfugaji_Kibaha
Sidhani alihesabu. Ila dada, angemfikishaje? Akivuka mlango anakuwa yule mwingine.

Nimerudi_Salama
Yule mwingine ndiye mume. Si ndiyo ilikuwa kazi yake?

Mhariri_wa_Usiku
Natoka nje ya mada kidogo. Jengo lile la Lumon ni la kweli, liko Holmdel, New Jersey, kazi ya msanifu Eero Saarinen, lilijengwa kwa ajili ya maabara za Bell. Transista ilivumbuliwa humo.

Fundi_Taa
Transista ni 1947, Murray Hill, maabara nyingine ya Bell. Jengo hili lilifunguliwa 1962, Saarinen akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Holmdel sifa yake ni Penzias na Wilson, 1964, walionasa mabaki ya mnururisho wa mwanzo wa ulimwengu kwa antena iliyokuwa kilimani karibu na hapo.

Santuri_Tanga
Na Irving? Mzee Turturro anayemwigiza katiwa kwenye treni na mbwa wake kipindi cha tisa, cha mwisho hayupo hata dakika moja. Yeye ndiye aliyeichora ile korido nyeusi ya kwenda kwa Gemma usiku baada ya usiku. Mtu aliyeijua njia ananyimwa kufika. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mlango.

Bi_Mwanaidi
Burt, kipenzi cha Irving, kumsindikiza kituoni kulikuwa na mapenzi zaidi ya mapenzi yote ya msimu huu.

Mwana_wa_Mkunazini
Hapo hatubishani Bi Mwanaidi.

Mlinzi_wa_Columbus
Naufufua uzi huu, leo ni Septemba. Nipo Ohio, nafanya kazi bohari moja kubwa, simu inabaki kwenye kabati, unatoka hujui dunia imefanya nini. Mmeona tuzo za Emmy juzi? Severance iliingia na mapendekezo 27, ikaondoka na tuzo 8. Britt Lower kachukua mwigizaji bora wa kike, na Tramell Tillman, Milchick wetu, kawa mwanaume mweusi wa kwanza kushinda mwigizaji msaidizi kwenye tamthilia.

Nilitaka niseme kuhusu Milchick kwa sababu hamkumgusa. Yule mtu kapewa picha za Kier zilizopakwa rangi ya ngozi yake kama zawadi na akatakiwa ashukuru. Kaandikiwa kwenye tathmini kwamba anatumia maneno makubwa mno. Sherehe ya mwisho, sanamu la Kier linamtania jukwaani kwa maneno hayo hayo, mbele ya bendi. Kazini kwangu msimamizi wa zamu ni mweusi mwenzangu, na yeye ndiye anayetumwa kutusomea makosa. Nikimwangalia Milchick amesukuma ile mashine, ametoka chooni, anakuta bendi nzima imemsubiri, sijui nimwonee huruma au la.

KijanaWaGerezani
Hongera kwa Tillman, kastahili. Lakini tamthilia bora kachukua The Pitt. Mwendo wa haraka umeshinda, Kasi_Mbili upo?

Kasi_Mbili
Nipo. The Pitt nimeiona, nzuri. Ila ile nimeimaliza nikalala. Hii bado nabishana nanyi tangu Machi.

Mlinzi_wa_Columbus
Kabla sijaingia zamu: mtoa mada, bado ni usaliti?

Mchana_Kweupe
Bado. Ila nimebadili aliyesaliti. Nimerudia kipindi cha kwanza hadi cha kumi kwa ajili yenu, na sasa nasema ni Mark wa nje. Alikuwa na usiku mzima kibandani, na swali la mwenzake lilikuwa moja tu: tukichanganywa nani atasikika. Angesema "sijui" ningemsamehe. Akalikwepa.

Mshipi254
Hakulikwepa, alikasirika. Nenda dakika ile anapomwita mtoto.

Mchana_Kweupe
Aliyemwita mwenzake mtoto ni wa nje au wa ndani alisema anahisi kufanywa mtoto? Nadhani unazichanganya kanda mbili.

Mshipi254
Subiri nifungue.